Nyumba Baada ya Mafuriko
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mwaka 1961 mito ya nchi hii ilifurika. Ikafurika tena mwaka 1997, na tena mwaka 2024, maji yakaingia majumbani kando ya Tana na hata Mathare mjini Nairobi. Kila mara sisi huitazama siku maji yanapoingia. Leo naomba tuitazame siku yanapotoka. Maana mtu aliyeokoka majini aweza kufa kwa haraka ya kurudi nyumbani.

Kwanza, tuizunguke nyumba kabla ya kuingia. Ukuta wa udongo hulowa kuanzia chini, nao waweza kusimama leo na kuanguka kesho. Ukiwa umeinama au una nyufa pana, asilale mtu humo. Penye umeme, asiguse swichi aliyesimama majini, aitwe fundi.

Pili, matope yatolewe yangali mabichi, nayo yamechanganyika na uchafu wa vyoo. Sakafu na vyombo vioshwe kwa sabuni kwanza, kisha kwa dawa ya klorini. Kwa kuwa dawa hiyo hupotewa na nguvu ikitiwa penye tope.

Tatu, nafaka zilizolowa na kuota ukungu zitupwe, ijapokuwa moyo wauma. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi, nayo haiondoki kwa kupikwa.

Nne, milango na madirisha yafunguliwe mchana kutwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini ufa uliozibwa juu ya ukuta mbichi hufunguka tena. Tusikandike mpaka ukuta ukauke. Wala tusikaushe chumba kilichofungwa kwa jiko la makaa: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Tano, kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumiwe mpaka kisafishwe, na maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto akiharisha, apewe kidogo kidogo lita moja ya maji safi iliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huku akipelekwa zahanati.

Mabibi na Mabwana, mchango wetu wa maafa huanza kwa mablanketi na magodoro. Lakini godoro jipya juu ya sakafu yenye tope la choo si msaada. Naomba mkutano huu ukubali kwamba fedha za kwanza zinunue sabuni, klorini na makoleo, na kwamba vijana wetu waanzie nyumba za wajane na wazee, ambao hawawezi kuzoa tope peke yao.