Kitunga chenye masikio

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanamemba kwenye kikao chetu cha mwezi, hapa Goma. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.

 

Katibu ameniomba niseme juu ya hivi vitunga vya kroshe vyenye sura za wanyama, kwa sababu kikao kijacho tutapiga kura: kese yetu itoe pesa za kuanza hii kazi, ama hapana. Nimeleta vitatu. Vipitishwe kutoka mkono mmoja mpaka mwingine. Vuteni masikio, vuteni kwa nguvu. Kama sikio litang'oka leo mbele yenu, basi mpige kura ya hapana na mimi nitanyamaza.

Kwanza niseme kitunga ni cha nini. Wengi wetu hapa tulitoka Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, zile kambi zilizofungwa Februari 2025. Wengine mlirudi kutoka Uganda, wengine Nyarugusu, Tanzania. Yule aliyerudi Kibumba ama Sake alikuta nyumba bila mlango, bila kitanda, hakuna hata rafu. Yule aliyebaki hapa mjini anapanga chumba cha mbao juu ya mawe ya volkano. Vitu vyetu viko wapi? Viko ndani ya mfuko. Nguo za mtoto ndani ya mfuko, dawa ndani ya mfuko, karatasi za shule ndani ya mfuko, na mifuko yote imetundikwa kwenye msumari mmoja. Mutu anayeishi na mifuko anaonekana kama atahama kesho. Hata yeye mwenyewe anajiona hivyo. Mimi sikuanza kufuma hivi vitu juu ya kuuzisha. Nilianza juu nilichoka kutafuta kiberiti gizani.

Kwa hiyo kitunga cha kwanza ni cha nyumbani kwako. Kiweke juu ya ubao ama tofali, siyo chini kabisa, kwa sababu sakafu yetu inatoa maji wakati wa mvua na pamba inashika ukungu. Kikae hapo mwezi mzima, watoto wakikalie, wakigeuze kofia. Kisha utanieleza kama kimesimama ama kimelala kama soksi. Hapo ndipo utajua kama uko na kitu cha kumuuzia mtu mwingine.

Sasa niende kwenye uzi, juu hapa ndipo mabishano yalikuwa mwezi uliopita. Wengine walisema tuwaombe wafadhili watutumie sufu nzuri, yenye rangi. Mimi ninakataa, na nitasema sababu. Kule kambini kulikuja watu na magunia ya sufu na sindano, wakatufundisha siku tano, picha zikapigwa, wakaenda. Sufu ilipoisha, kazi iliisha siku ile ile, kwa sababu rangi ile hakuna aliyeipata Birere wala soko la Virunga. Hatukukosa akili wala mikono. Tulikosa uzi. Kazi ambayo uzi wake unatoka kwa ndege siyo kazi yetu, na mnajua vizuri kwamba Januari 2025 ndege za biashara ziliacha kushuka kwenye uwanja wetu.

Uzi wetu uko kwenye balo. T-shati ya mtumba ambayo imetoboka, ambayo hakuna anayeitaka, ambayo muuzaji anakupa kwa bei ya chini kabisa jioni akifunga meza. Unailaza kwenye meza. Unakata chini ya makwapa, sehemu ya juu unaiweka kando. Ile sehemu ya chini ni kama bomba la kitambaa. Unaikata vipande vya upana wa vidole viwili kutoka upande mmoja, lakini usifike mwisho: acha vidole vinne upande wa pili. Kisha fungua ule upande ulioacha, ukate kwa mshazari, kipande cha kwanza kiingie kwenye cha pili, cha pili kwenye cha tatu. Utapata uzi mmoja mrefu usiokatika. Uvute kwa mikono miwili, utajikunja wenyewe uwe mviringo kama kamba. T-shati kubwa ya mwanaume inatoa zaidi ya metre 20. Nne zinatosha kitunga kimoja na masikio yake. Jezi za mpira achana nazo, zinateleza na hazijikunji. T-shati za kampeni za uchaguzi ni nyepesi, lakini kwa masikio zinafaa. Niko na kiboko mmoja nyumbani ambaye sikio lake la kushoto ni shavu la mgombea.

Na kroshe yenyewe? Ile ya chuma ya sokoni ni nyembamba sana kwa uzi huu. Tunataka kroshe nene kama kidole kidogo cha mkono. Nendeni kwa fundi anayechonga chukudu. Vipande vya mikaratusi anavyovitupa vinatosha, akuchongee kijiti chenye ndoano mbele, kisha wewe mwenyewe ukisugue na msasa mpaka kisikwaruze uzi. Ukikivunja, unachonga kingine.

Kufuma kwenyewe ni mshono mfupi tu, ule ambao bamama waliopita kwa masista wanaujua kwa jina la Kifaransa. Unaanza na pete, ndani yake mishono 6. Mzunguko wa pili, kila tundu linapata mishono miwili: 12. Wa tatu unaongeza moja baada ya moja: 18. Halafu 24, 30, 36, 42, 48. Kila mzunguko unaongeza 6, haizidi, haipungui. Ukiongeza kidogo kuliko hapo, kitako kinainuka kama bakuli. Ukizidisha, kinafanya mawimbi kama sketi ya bibi harusi. Bamama wengi wanasema “mimi ninaona kwa macho tu, sihesabu”. Mama yangu, hesabu. Weka kipande cha uzi wa rangi nyingine pale mzunguko unapoanzia, na kila ukifika hapo utajua umetoka wapi. Nimeona mwanamke asiyejua kusoma akifuma kitako sawa kabisa kwa kutumia punje za maharagi kuhesabu mizunguko. Anahamisha punje moja kutoka goti la kushoto mpaka la kulia.

Ukifika 48, kitako kimepata kama sentimeta 20. Unaacha kuongeza. Mzunguko unaofuata, ingiza kroshe kwenye uzi wa nyuma peke yake, siyo nyuzi zote mbili. Hiyo inakupa ukingo mkali, na ukuta unasimama wima. Wengi wanauruka mzunguko huu kwa haraka, na hapo ndipo vitunga vinalala. Kisha unapanda mizunguko 12, ukivuta uzi kwa nguvu ile ile kutoka mwanzo mpaka mwisho. Usifume ukiwa na hasira, mkono unakaza. Usifume ukisinzia, mkono unalegea.

Sasa mnyama. Ninajua wote mnataka gorila, ngagi, juu ya mbuga ya Virunga, juu wageni wanampenda. Sikatai, na huyu hapa ninaye. Lakini ngagi ni uzi mweusi, na uzi mweusi usiku hauonekani. Sisi tunafuma saa gani? Baada ya kupika, watoto wamelala, kwa tochi ya simu. Kwenye uzi mweusi hutaona tundu, utaruka mishono, asubuhi utafumua. Tena ngagi anauzwa Rwanda, anauzwa Uganda, kila duka la wageni lina ngagi.

Okapi je? Okapi wa porini anaishi Kongo tu. Hakuna nchi nyingine duniani. Wataalamu wa Ulaya walimwandika kwenye vitabu vyao mwaka 1901, lakini Wambuti wa Ituri walikuwa wanamjua tangu zamani. Hata redio tunayosikiliza imechukua jina lake. Na tazama namna anavyotusaidia kwenye kazi: mistari yake iko kwenye mapaja na miguu, inakwenda kwa upana, siyo kushuka chini. Maana yake mstari mmoja ni mzunguko mmoja. Chini ya kitunga unafuma mzunguko mweupe, mzunguko wa kahawia, mweupe, kahawia, mara tatu. Juu unamalizia kahawia tupu. Hakuna mchoro wa kufuata, hakuna kubadilisha rangi katikati. Masikio yake ni makubwa, mapana. Pembe ndogo ni za dume, jike hana, kwa hiyo mwenye haraka afume jike. Na ulimi wake ni mrefu mpaka anajisafishia macho na masikio nao: ukishona kaulimi keusi mbele, mtoto atakavuta ili kusogeza kitunga. Nimeona wangu akifanya hivyo.

Masikio ndiyo mikono ya kitunga, kwa hiyo yasishonwe kama pambo. Uzi wa kushonea upite ukuta mzima, ushike mizunguko miwili ya juu, urudi, upite tena. Macho yasiwe ya vifungo wala shanga. Mtoto mdogo atakitoa kifungo na kukimeza. Shona macho kwa uzi. Hili ninaomba liwe sheria ya shirika, siyo shauri. Na kipimo kiwe kimoja, 48 kwa 12, kwa sababu mwenye duka akiagiza vitunga 30, anataka 30 vinavyofanana. Hataki thelathini vya ukoo mmoja wenye baba tofauti.

Nije kwenye bei, na hapa wafadhili wasikilize vizuri.

Kitunga kimoja kinakula saa moja ya kukata uzi, saa nne za kufuma, saa mbili za masikio na uso. Hiyo ni siku ya kazi. Tuseme T-shati zimekugharimu dola moja na nusu. Ukiuzisha dola tano, siku yako ni dola tatu na nusu, na hapo hatujatoa usafiri wala kile kinachokatwa na simu, kwa sababu benki zilifungwa mwaka 2025 na pesa ikaanza kupita kwenye simu. Jirani yako atakwambia uza dola tatu, angalau upate chumvi. Ukiuza dola tatu umeushusha mkono wa mwenzako pia. Ninapendekeza tukubaliane bei moja ya chini, iandikwe, na asiyeweza kuipata mjini alete kitunga kwenye shirika badala ya kukitupa kwa bei ya huruma.

Neno hili huruma ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Kuna mtu mwema, ninajua ni mwema, aliyeniambia kwamba kitunga kitauzwa haraka Ulaya kama tukitia ndani yake karatasi yenye picha ya mfumaji na habari ya yaliyompata. Nilimuuliza: na kama kitunga ni kibaya? Akasema watanunua tu. Basi watanunua kimoja. Mtu anayenunua maumivu yako hanunui mara mbili, kwa sababu kitunga kikilala sebuleni kwake hana haja ya kingine, na wewe umekwisha kuuza kitu ambacho hutaweza kukifuma tena.

Kuna bamama wa Njoro, karibu na Nakuru kule Kenya, wanaitwa Kenana Knitters. Wanafuma wanyama kwa sufu ya kondoo iliyosokotwa kwa mkono na kutiwa rangi za mimea, tangu mwaka 1998, na wanyama wao wanauzwa mpaka ng'ambo. Kwenye kila mnyama kuna kikaratasi chenye jina la aliyemfuma. Jina la mikono iliyofanya kazi, basi. Mimi ninataka hivyo. Na yule ambaye hata jina lake hataki litoke, kila mtu na sababu zake katika nyakati hizi, aweke alama tu, nyota ama herufi.

Kwa hiyo kwenu wafadhili: msitutumie sufu. Mkitaka kusaidia, tusaidieni makasi yanayokata kweli, maana kukata T-shati kwa makasi ya karatasi ni adhabu. Tusaidieni kese iwe na pesa ya kumlipa mama siku ile ile anapoleta kitunga, asingoje miezi mitatu mpaka kipate mnunuzi, kwa sababu mwenye watoto hawezi kungoja na atakiuza njiani. Na mkipokea kitunga kibaya, kirudisheni, ama mwandike: kitako kimepinda, sikio limelegea. Hatutakasirika.

Kwenu wanamemba: kabla ya kura, kila mmoja ajaribu. Alhamisi saa nane tutakutana hapa hapa. Mlete T-shati moja iliyochakaa na punje kumi na mbili za maharagi. Batata pia, sijasema bamama peke yao. Fundi wa chukudu amekubali kutuchongea kroshe 15, wa kwanza kufika watazipata. Wengine mtakata uzi mkingoja zamu. Yule aliye na makasi makali, tafadhali asiyaache nyumbani.

Sasa yule mwenye okapi anirudishie, nimeona anamwingiza kwenye mfuko.