Pointi 14

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu na jamaa mliotoka Columbus na Buffalo, wanangu na wajukuu zangu: karibuni Louisville.

Nimetakiwa niseme machache juu ya mfuko wetu wa mazishi. Vijana wameniomba nisiwachoshe kwa hesabu. Basi nitaanzia kwenye mpira wa kikapu, ambao nao una hesabu zake.

Mji huu ulikuwa na timu iliyoitwa Kentucky Colonels, ikicheza katika ligi ya ABA. Msimu wa 1971–72 mchezaji wake, Dan Issel, alifunga jumla ya pointi 2,538. Katika ligi hiyo hakuna aliyepata kufunga nyingi kuliko hizo kwa msimu mmoja, wala hatatokea, maana mwaka 1976 ligi ilikwisha na timu ikavunjwa.

Hata hivyo, kwa wastani wa kila mchezo, Issel hakuwa wa kwanza. Charlie Scott wa Virginia Squires alipata 34.6, na Issel 30.6. Lakini Scott aliihama ligi kabla msimu haujesha, akiwa amecheza michezo 73. Issel alicheza 83 kati ya 84. Akampita kwa pointi 14.

Ndugu zetu wa Buffalo watanitajia Bob McAdoo, aliyepata wastani wa 34.5 msimu wa 1974–75, akachaguliwa mchezaji bora wa NBA. Naam, naye alicheza michezo yote 82.

Katika utumishi wangu serikalini nilishika madaftari mengi, na sasa nimekabidhiwa hili la ukoo. Wamo waliotoa mamia ya dola siku ya msiba, kisha wasionekane tena. Wamo wanaoleta dola kumi kila mwezi. Tulipofiwa Buffalo mwaka jana, nauli ya kumrudisha marehemu nyumbani ilitoka katika hizo kumi kumi. Haikungojwa harambee.

Tangu siku hiyo nyumba saba hazijachanga. Sitaji majina. Fedha zilizobaki hazitoshi safari moja, na kwa umri wangu huenda msafiri akawa mimi. Nami nimekwisha kuusia kwamba nizikwe Tanga.

Kwa hiyo siwaombi kitita cha leo. Naomba kila nyumba itaje kiasi inachokiweza, hata kiwe kidogo, na isikose mwezi. Daftari lipo mezani, karibu na mlango.