Ndani ya Banda la Kuku: Mpangilio Unaomlinda Mtoto

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo nitazungumza kuhusu banda la kuku. Najua kuna mama anayejiuliza, muuguzi na banda la kuku wapi na wapi? Subiri kidogo, utaona vinavyohusiana.

Tunapozunguka nyumba kwa nyumba huku Kangemi, Kawangware, Uthiru na Waithaka, tunakuta kuku katika ploti nyingi. Wengine ni wa shosho anayebaki na wajukuu. Wengine ni wa mama anayeuza nguo mjini mchana, na jioni akishuka gari anaanza kuwalisha. Kuku ni baraka. Yai moja lililochemshwa likaiva vizuri ni chakula bora kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, na mayai yanayobaki hulipa deni la duka.

Lakini kuku huyo huyo hubeba vijidudu tumboni, kama salmonela na kampilobakta, naye anaonekana mzima kabisa. Vijidudu hivyo hutoka na kinyesi. Mtoto wa miezi 8 anatambaa, anaokota, anatia mdomoni. Ndivyo anavyopata kuhara. Akihara mara kwa mara, hata akila vizuri hanawiri. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto katika nyumba zenye kuku walikuwa na kimo kizuri zaidi, ila pale kuku walipolala ndani ya nyumba ya watu, kimo cha watoto kilipungua. Kwa hivyo mama, hatusemi uache kuku. Tunasema kuku awe na nyumba yake, na nyumba hiyo ipangwe vizuri ndani.

Kwanza, mahali. Banda lisiegemee ukuta wa chumba cha kulala. Liwe mbali na tangi la maji, mbali na jikoni, na mbali na pale watoto wanapochezea. Ukiwa umepanga, zungumza na mwenye ploti na majirani mapema. Nairobi ina sheria ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu kilimo na ufugaji wa mjini. Kabla ya kununua hata msumari mmoja, muulize ofisa wa kilimo wa wadi yako kuhusu kibali.

Pili, ukubwa. Mita moja ya mraba inatosha kuku wakubwa 4. Wakizidi hapo wanadonoana, kinyesi kinajaa na magonjwa yanaenea haraka. Tuchukue mfano wa kuku 12. Wanahitaji mita 3 za mraba, yaani banda la urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu. Chukua futi ya fundi wa nguo, chora kwa kijiti chini, usimame ndani. Paa liwe juu kiasi kwamba unaingia na kufagia bila kuinama sana. Banda lisiloingilika halisafishwi, na lisiposafishwa uchafu wake utakufuata nyumbani.

Sasa tuingie ndani. Fikiria umesimama mlangoni, na mlango uko kwenye ukuta mfupi wa mbele.

Nyuma kabisa ni mahali pa kulala. Kuku hupenda kulala juu. Weka fito mbili kutoka ukuta hadi ukuta, ya kwanza sentimita 30 kutoka ukuta wa nyuma, ya pili sentimita 40 mbele yake. Zote ziwe sawa kwa kimo, sentimita 75 kutoka chini, wasigombee ya juu. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20 hadi 25 za kukaa. Fito mbili za mita 1 na nusu zinawatosha wote 12. Fito iwe na unene wa sentimita 5 hivi, kingo zilainishwe zisiumize miguu.

Chini ya fito, weka ubao au kipande cha bati. Kinyesi kingi cha kuku hudondoka usiku wakiwa wamelala. Ubao huo unakingoja. Asubuhi unakwangua, unatia ndani ya ndoo yenye kifuniko, basi. Kazi ya dakika 5, na sakafu inabaki kavu.

Ubavuni, karibu na mlango, ni mahali pa kutagia. Kiota kimoja kinatosha kuku 4, kwa hivyo kuku 12 wanataka viota 3. Kila kimoja kiwe na sentimita 30 kila upande. Hata kreti ya zamani iliyosuguliwa ikakauka inafaa. Vipandishe sentimita 45 kutoka chini, lakini visifikie kimo cha fito. Viota vikiwa juu kuliko fito, kuku watalala humo na kuchafua mayai. Weka maranda au nyasi kavu, na pazia la gunia mbele ili kuwe na giza kidogo. Ukiweza, fundi atoboe ukuta, viota vitokeze nje na viwe na kifuniko cha bawaba. Hapo unaokota mayai bila kukanyaga ndani, na mtoto uliyembeba mgongoni havuti vumbi la banda.

Upande wa pili, mkabala na viota, ni chakula na maji. Usiviweke chini ya fito hata siku moja, maana kuku watakula kinyesi chao wenyewe. Chombo cha chakula cha sentimita 60, kinacholiwa pande zote mbili, kinatosha kuku 12. Kininginize kwa waya au kiinue kwa matofali, ukingo ulingane na mgongo wa kuku, ili wasipekue na kumwaga. Chakula kinachomwagika huita panya, na panya nao wana magonjwa yao. Maji, kuku mmoja hunywa kama robo lita kwa siku, siku ya jua hata zaidi. Weka chombo cha lita 4 au 5 karibu na mlango, juu ya jiwe bapa, ukioshe kila asubuhi.

Sakafu iwe ya simiti au udongo ulioshindiliwa, juu yake maranda ya sentimita 5 hadi 10. Maseremala wa mtaani wanayo. Yageuze kila wiki, na sehemu iliyolowa iondoe siku hiyo hiyo. Ukitoa maranda ya zamani, yarundike mbali na nyumba na uyafunike miezi kadhaa hadi yaoze kabisa. Usimwage kinyesi kibichi kwenye sukuma wiki.

Hewa nayo isisahaulike. Sehemu ya juu ya ukuta wa mbele na wa pembeni iwe ya wavu wa waya wenye matundu madogo, ili hewa ipite na paka asipite. Ukuta wa nyuma, wanapolala, uzibwe, uache nafasi ya kiganja tu chini ya paa, nayo ifunikwe wavu. Mnajua baridi yetu ya Juni hadi Agosti. Wengi wakati huo huziba banda lote kwa nailoni. Hapana. Chuchumaa ndani, kichwa kiwe kimo cha kuku, uvute pumzi. Macho yakikuwasha, hewa haitoshi.

Wasikilizaji wapendwa, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ni kuhusu vifaranga. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na mama wengi huwaweka kwenye boksi chumbani, na jiko la makaa kando, usiku kucha. Mlango umefungwa, watoto wamelala hapo hapo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana na isiyonuka. Hewa hiyo huua mtu akiwa usingizini, hata bila kukohoa. Usilale chumba kimoja na jiko linalowaka, iwe kwa sababu ya baridi au kwa sababu ya vifaranga.

Kwa vifaranga wachache, tenga kona ndani ya banda kwa wavu. Weka boksi la mviringo, maranda mengi chini, ulizungushie gunia lililojazwa nyasi kavu, na juu kitambaa kinachopitisha hewa. Joto lao wenyewe litawasaidia. Weka kibuyu cha maji moto kilichofungwa kitambaa wakati wa baridi kali. Wakirundikana wanalia, wana baridi. Wakitawanyika wakihema, joto limezidi.

Nje ya mlango weka vitu vitatu: ndara au gambuti za bandani tu, ndoo ya maji yenye bomba, na sabuni. Viatu vya bandani visiingie nyumbani. Osha mikono kila utokapo, na baada ya kushika mayai au kuku mbichi. Mlango uwe na komeo la juu, mtoto asilifikie.

Ukiona kuku wanakufa ghafla, usiwachinje na usiwauze. Mwite daktari wa mifugo. Kideri humaliza banda zima kwa siku chache, na chanjo yake ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo. Wakiwa kwenye dawa, soma kibandiko ujue siku ambazo mayai hayaliwi.

Na mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, kwa kipimo kilichoandikwa, na uendelee kumnyonyesha. Mlete kliniki apewe na zinki ya siku 10 hadi 14. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, homa kali, au hawezi kunywa, usingoje kesho. Usimpe vidonge vya kununua ovyo, na za kuku usimpe kabisa.

Kwa kumalizia, kumbuka mpangilio wetu: kulala nyuma, kutagia ubavuni, kula na kunywa mkabala, hewa juu, sabuni mlangoni. Ukilipanga banda hivyo, yai litamfikia mtoto, na kinyesi hakitamfikia.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika ploti yako, watoto wanachezea wapi na kuku wanalala wapi?
2. Kwa nini viota viwe chini kuliko fito za kulalia?
3. Ukiwa na kuku 8, banda lako liwe na mita ngapi za mraba na viota vingapi?
4. Ni hatari gani iliyopo mtu akilala chumbani na jiko la makaa?
5. Ni dalili zipi za mtoto anayehara zinazokutaka uende kliniki siku hiyo hiyo?