Ngozi Yake na Kazi Yake

Leo twazungumza juu ya wenzetu wenye ualbino, ambao hufika kazini wakiwa wamekwisha kutazamwa njia nzima, na wakiingia ofisini Maili Moja, Kibaha, au shambani Maneromango, Kisarawe, hukuta macho yale yale yakiwangojea.

Ualbino hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Haiambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kunywea kikombe kimoja, na aepukaye kiti cha mwenzake kwa dhana ya kuambukizwa amemdhulumu mtu asiye na hatia.

Lililo zito ni jua. Ngozi iliyopungukiwa melanini, rangi yake ya asili, huungua upesi na huweza kupata saratani, basi mwajiri mwenye insafu hampangi mwenye ualbino kuokota korosho juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Naye mwenyewe asione haya kuvaa kofia pana na shati la mikono mirefu, wala kuomba meza iliyo mbali na dirisha lenye mng'ao, kwani macho yake nayo ni dhaifu.

Ombi hilo si sadaka, ni haki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Na kwamba wenye ualbino waziweza hata kazi kubwa, ilionekana mwaka 2015, pale Dakta Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri.