Reli Ndogo ya Bustani Katika Hewa ya Chumvi
Mada kwa semina ya wajenzi wa reli za mfano, Kilindini, Mombasa



Niliyoombwa kuyazungumzia ni ujenzi na utunzaji wa reli ndogo ya bustani, ile inayotandazwa nje kati ya mimea na kuachwa huko mwaka mzima. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya injini. Mtaniwia radhi nikianza na udongo, maji na chumvi, kwa kuwa hapa kisiwani hivyo ndivyo vinavyoiua reli ndogo mapema. Maandishi mengi ya kazi hii yametoka Ulaya na Marekani, na tahadhari zake ni za theluji na ardhi inayovimba kwa barafu. Sisi tunaletewa chumvi na kusi miezi mingi ya mwaka, masika humwaga maji yake hasa mwezi wa Mei, jua la Februari linachoma, na chini ya yote hayo yuko mchwa. Basi rai yangu naitoa tangu sasa: mwenye pesa kidogo aziweke kwenye tuta. Injini inaweza kungoja mwaka ujao.

Tuige reli gani?

Tuige yetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Upana wake, kutoka reli hadi reli, ni mita moja kamili. Sasa, mwaka 1968 kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilitoa treni za bustani ziitwazo LGB, zinazopita kwenye reli za upana wa milimita 45. Walichagua kipimo cha 1 kwa 22.5 kwa sababu walikuwa wakiiga reli za mita moja za kwao. Gawanya milimita 1,000 kwa 22.5, utapata 44 na kidogo. Kwa maneno mengine, reli ya bustani inayouzwa kwa wingi zaidi duniani inakaa sawasawa na reli waliyoiendesha wazee waliomo humu ukumbini, na hatuna sababu ya kujenga milima ya Uswisi uani Tudor.

Anayetaka kuiga reli mpya ya SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017 na yenye upana wa milimita 1,435, anaweza kutumia reli zizo hizo za 45, lakini kipimo chake kiwe 1 kwa 32. Asichanganye mabehewa ya vipimo hivi viwili kwenye njia moja. Behewa la reli ya zamani litaonekana jitu mbele ya behewa la SGR, na jicho halidanganyiki.

Wenye ua mdogo wa Mji wa Kale nawashauri kitu kingine kabisa. Mwaka 1890, kabla ya reli kubwa, kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza njia nyembamba ya futi 2 iliyokomea maili chache tu. Baadaye kisiwani zilipita troli za kusukumwa kwa mikono, kwenye reli nyembamba kati ya Mji wa Kale na Kilindini: benchi la abiria, kijipaa juu, na wanaume nyuma wakisukuma, mpaka magari ya moto yalipoenea. Kwa kipimo cha 1 kwa 19, futi 2 inakuwa milimita 32, na reli za upana huo zinauzwa. Troli moja na kona kali hutosha kwenye ua ambao treni ya mabehewa manne isingeweza hata kugeuka. Huo ni usafiri wa mji wetu, na sijui kwa nini haujengwi zaidi.

Tuta

Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15 au 20, upana mara mbili ya urefu wa taruma. Ondoa udongo mweusi na mizizi yote. Jaza vipande vya matumbawe au matofali yaliyovunjwa, shindilia, halafu mimina juu yake ukanda mwembamba wa zege. Upande mmoja wa ukanda uwe chini kidogo ya mwingine ili maji yateremke, na kila baada ya mita mbili hivi acha tundu la paipu ya plastiki lipitishe maji chini ya tuta. Usiporuhusu maji yapite chini, masika yatapita juu na kokoto zako zote.

Kwenye zege hii kuna jambo moja la kulishikilia sana. Mchanga usiwe wa ufuoni, na maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima chenye chumvi kama visima vingi vya kisiwani. Chumvi ikikutana na nondo ndani ya zege, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Mnayaona hayo kwenye dari za nyumba kadhaa mjini humu. Tuta la reli ndogo halibebi uzito wa kuhitaji nondo, kwa hiyo usitie chuma kabisa. Nyufa ndogo zitazuiwa na wavu wa plastiki. Mbao na boriti ziacheni. Waliojenga Reli ya Uganda walitumia mataruma ya chuma, na mchwa alikuwa moja ya sababu. Mataruma yetu yawe ya plastiki iliyotengenezwa kukaa juani. Vipande vinavyochapwa kwa mashine za 3D vinasaidia sana, ila plastiki ya PLA hulainika karibu na nyuzi joto 60, joto ambalo kitu cheusi kilichoachwa juani hapa kinaweza kulifikia. Tumieni PETG au ASA.

Reli zenyewe ziwe za brasi au chuma kisichoshika kutu. Brasi itabadilika rangi na kuwa kahawia, nayo ni rangi nzuri, iacheni. Msizibane reli kwenye zege kwa misumari. Mita 10 za brasi zikipata joto kutoka nyuzi 25 za alfajiri hadi nyuzi 60 za mchana hurefuka karibu milimita 7, na zikikosa pa kwenda zitapinda ubavuni. Ziacheni zikae juu ya kokoto, zishikwe hapa na pale tu, na kila kiungo cha reli ya mita moja na nusu kiachiwe nafasi ya milimita moja mkiitandaza asubuhi. Kokoto zinazofaa ni za jiwe gumu lenye kona kali, zilizochekechwa mpaka vumbi limetoka. Kokoto za mviringo huteleza zenyewe kwa zenyewe.

Kupanda Mazeras

Kila anayejenga hutaka mlima, na mlima wetu tunao. Kutoka Mombasa reli ya zamani inapanda kuelekea bara, na pale Mazeras inajizungusha na kuvuka juu ya njia yake yenyewe. Tuipige hesabu. Behewa la kipimo chetu lina kimo cha sentimita 17 au 18. Ukiongeza unene wa daraja, njia ya juu inahitaji kuwa sentimita 22 juu ya ile ya chini. Mpando wa sentimita 2 kwa kila mita unataka mita 11 za reli. Duara lenye kipenyo cha mita 3.5 lina mzunguko wa mita 11. Kwa hiyo mwenye nafasi ya mita 4 kwa 4 anaweza kuijenga Mazeras nyumbani kwake. Mpando usizidi huo. Injini za reli yetu ziitwazo Garratt, za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester miaka ya 1955 na 1956, zilikuwa na uzito wa tani 252 na zilivuta tani 1,200 kwenye mpando wa 1.5 kwa 100. Injini yetu ya kilo tano isidaiwe zaidi, tena kwenye kona, mahali ambapo magurudumu huminywa na reli.

Garratt ya daraja la 59 ikipunguzwa kwa 1 kwa 22.5 inabaki na urefu wa mita 1.4. Mwili wake una vipande vitatu, kwa hiyo inakata kona vizuri, lakini boila lake kubwa la katikati hutokeza upande wa ndani wa kona. Kabla ya kujenga stesheni au kupanda mmea hapo, kata karatasi ngumu ya urefu huo, ifunge juu ya mabehewa mawili, uisukume kona yote ukiangalia inapogusa.

Umeme

Hapa sina mengi. Tumieni betri ndani ya injini au ndani ya behewa la kwanza, na rimoti mkononi. Mwenye kupitisha umeme kwenye reli atakuwa akipangusa chumvi kila asubuhi. Anayeng'ang'ania hivyo aache transfoma ndani ya nyumba, na utoke nje umeme mdogo tu. Waya wa volti 240 usipite bustanini hata hatua moja. Betri zitolewe na kuchajiwa ndani, kivulini.

Mimea na matunzo

Chagueni majani madogo. Mrehani ukikatwakatwa unakuwa kichaka cha kipimo hasa, na uani kwetu haukosekani. Kwa mibuyu kama ile ya barabara ya Mama Ngina, pandeni waridi la jangwani, ule mti mfupi wenye shina nene. Ila utomvu wake ni sumu, watoto waambiwe. Msijenge karibu na mkungu wala mwarobaini, majani yatawamaliza. Mkitaka maji ya Makupa chini ya daraja, dimbwi liwekwe samaki, la sivyo mtafuga mbu wa dengi.

Kabla ya kila safari piteni na ufagio laini mkiangalia majongoo na konokono. Magurudumu yakipita juu yao hujaa utelezi, na injini husimama hapo kwenye mpando. Mara moja kwa wiki wakati wa kusi suuzeni reli na pointi kwa maji matamu; ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora. Pointi zitiwe mafuta mepesi, si grisi, maana grisi hushika mchanga. Baada ya masika, pimamaji lipitishwe njia nzima na palipobonyea painuliwe kwa kokoto. Injini na mabehewa yalale ndani siku zote. Kunguru huweza kuchukua vitu vidogo, na paka wa Mji wa Kale atalala juu ya daraja lako bila kuomba ruhusa.

Namalizia na ombi kwa wazee. Kiwandani hakuna anayetuuzia stesheni ya Changamwe, behewa la daraja la tatu wala Garratt ya rangi ya damu ya mzee; itabidi tuvichonge wenyewe, na vipimo vyake viko kwenye vyuma vilivyobaki na vichwani mwenu. Kule Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli, Garratt iitwayo Mount Gelai, namba 5918, bado imesimama. Mengi mengine hayana ulinzi huo. Ombeni ruhusa, nendeni na futi ya kamba na mjukuu mmoja, pimeni milango, madirisha, nguzo za ishara na kingo za majukwaa, andikeni kila kipimo kwa milimita. Leteni hapa, tuvichore pamoja kabla vyuma hivyo havijauzwa kwa kilo.