TUSIFICHE MARADHI: ULEVI NA UGONJWA WA AKILI KATIKA BIASHARA ZA FAMILIA

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Mlola)



Tunapozungumzia miradi ya kuinua kipato, huwa tunataja mbegu, mikopo na masoko. Leo tunaomba tutaje jambo ambalo huwa haliandikwi kwenye taarifa zetu: ulevi na ugonjwa wa akili ndani ya familia zinazofanya biashara pamoja.

Huku kwetu milimani biashara nyingi ni za familia. Baba analima kabichi na viazi, mama anachambua na kufunga mzigo, kijana anausindikiza kwa lori hadi Mombo au Dar es Salaam na kurudi na fedha. Hakuna mkataba wala mshahara. Kuna kuaminiana tu. Hiyo ndiyo nguvu ya biashara hizi. Lakini mmoja wao akishikwa na pombe, ni nani atakayemwonya? Huwezi kumwachisha kazi baba yako.

Tuchukue mfano. Kaka mkubwa, mshika fedha za duka, anaanza kunywa tangu asubuhi. Mama anaziba pengo kwa kukopa VICOBA. Mdogo wake anawaambia wateja kwamba kaka ana malaria. Kila mmoja anafanya hivyo kwa upendo, na kila mmoja anaurefusha ugonjwa. Msimu unapofika hakuna fedha ya mbolea, na ada ya mtoto imekwenda kilabuni.

Mara nyingine mambo huanzia upande mwingine. Bei ya mazao inaanguka, deni linabaki, na mtu anapatwa na sonona: halali, hali, hataki kuona watu. Pombe inakuwa dawa yake. Tukimwita mvivu au mlevi, tunakuwa hatujaona kidonda chenyewe.

Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba. Tulishukuru. Lakini gongo na boha havikuondoka na viroba, na sheria haiwezi kukaa mezani na familia. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Tunashauri haya:

Kwanza, fedha ziwe na daftari na washika fedha wawili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Utaratibu huu uwekwe kwa biashara zote, ili usionekane ni adhabu ya mtu mmoja.

Pili, zungumzeni naye akiwa hajanywa, mkiwa wachache, pamoja na mtu anayemheshimu. Semeni mliyoyaona, bila matusi. Msimlipie tena madeni ya kilabuni.

Tatu, aliyekunywa sana kwa miaka mingi asikatishwe pombe ghafla nyumbani. Anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Apelekwe kwanza kwa mganga wa kituo cha afya au hospitali.

Nne, anayesikia sauti au kubadilika tabia asifungwe kamba wala kufichwa chumba cha nyuma. Dayosisi yetu ina Hospitali ya Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Maombi na dawa havigombani. Na anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tano, akirudi, apewe kazi. Kule Lutindi kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya matibabu. Nyumbani aanze na bustani au kupanga mzigo, aendelee na dawa, na kushika fedha kuje baadaye, kwa makubaliano. Haki yake katika mali ya familia ibaki palepale.

Wanakamati, mnayoambiwa na familia yasifike kilabuni wala madhabahuni. Siri ikivuja mara moja, hakuna mwingine atakayekuja. Tushirikiane pia na masheikh na viongozi wa vijiji, maana ugonjwa huu hauulizi mtu anasali wapi.

Ndugu wafadhili, tunaomba mtuelewe. Kazi hii haina jengo la kuzindua. Inahitaji nauli ya mgonjwa na msindikizaji, dawa zisizokatika baada ya kutoka hospitali, na mafunzo kwa wainjilisti wanaotembelea nyumba. Tena inahitaji miaka, kwa sababu wengi huanguka tena kabla ya kusimama. Lakini mkopo wa mbegu unaoingia katika nyumba yenye ulevi uliofichwa hupotea pamoja na nyumba hiyo.

Mtume Paulo ametuagiza tusaidiane kubeba mizigo. Mzigo huu umebebwa muda mrefu na mama mmoja jikoni, kimya. Kila kamati ichague watu wawili wa kuanza kumsikiliza.

Mungu awabariki.