Nguo za Kazi za Alfajiri ya Kipupwe

Leo sizungumzi juu ya mbegu wala bei. Nazungumza juu ya nguo. Najua wengine wameshaanza kucheka: nguo tena, katika kipindi cha wakulima? Ndiyo, nguo. Tena nguo za baridi, hapa hapa pwani.

Mtu wa Makete au Njombe akitusikia tunalalamika baridi atatuona watu wa ajabu. Kwao jalidi huunguza majani. Kwetu pwani usiku wa Julai hewa hushuka mpaka nyuzi 20 hivi, pengine pungufu kidogo, na kule Rondo, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 800, hushuka zaidi. Lakini muulize mtu aliyeingia kwenye mikorosho saa kumi na moja alfajiri, majani yamemlowesha mpaka magotini, shati limemgandia mgongoni, halafu kusi ikaanza kuvuma. Huyo anatetemeka kweli kweli. Nguo mbichi hunyonya joto la mwili inapokauka, na upepo huzidisha. Kwa hiyo kwetu adui mkubwa ni umande pamoja na kusi.

Sasa mtaniuliza, kwa nini asingoje jua? Hapo ndipo penyewe. Ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia maua na majani machanga ya mkorosho miezi hii hii ya kipupwe, na dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga. Unga huo hushika vizuri kwenye majani na maua yenye umande, na hewa ikiwa imetulia. Jua likishapanda umande hukauka, upepo huamka, na salfa yako inakwenda kwa jirani au inakurudia usoni. Saa ya kazi imeshapangwa na mkorosho mwenyewe. Huwezi kuibadili. Unachoweza kubadili ni ulichovaa.

Wala ubwiriunga si jambo la kuchezea. Wazee wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Ilipofika 1986/87 tulikuwa tumeshuka mpaka tani 16,500 hivi. Sababu zilikuwa nyingi, pamoja na bei mbaya na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao, lakini ugonjwa huu nao ulikuwa na sehemu yake kubwa. Watafiti wa Naliendele, kule Mtwara, waliusoma ugonjwa, wakulima wakajifunza kupuliza, na msimu wa 2017/18 nchi ikavuka tani 300,000. Kwa hiyo simwambii mtu aache kupuliza. Nasema mpulizaji naye ni mtu.

Katika misimu ya karibuni salfa imekuwa ikifika vijijini kwa ruzuku ya Serikali. Nguo haina ruzuku. Matokeo yake tunayajua: kijana amebeba mashine ya kupulizia mgongoni, amevaa kaptura, fulana yenye matundu na malapa, kichwani hana kitu. Desturi yetu ni kwamba nguo iliyokwisha kazi mjini ndiyo hupelekwa shambani. Nguo chakavu siikatai, ila iwe nzima. Tundu la kidole kimoja begani ndilo mlango wa salfa, na salfa ikikutana na jasho huwasha na kuchubua. Ikiingia machoni utajuta. Osha kwa maji safi mengi, tena kwa muda mrefu, usiyafikiche, kisha nenda zahanati.

Haya, tuvae basi. Tuanze na ya ndani. Chukua sweta nyepesi ya sufi, hizi za mitumba ambazo watu huzipita sokoni kwa sababu zinawasha. Vaa fulana ya pamba chini yake na haitakuwasha. Sufi ina tabia nzuri moja: hata ikipata unyevu bado inatunza joto, wakati pamba ikilowa inakuwa kama kitambaa cha kukanda homa. Lakini sweta isikae nje. Manyoya yake hushika unga wa salfa, na ukishaingia humo hautoki kwa kukung'uta. Juu ya sweta vaa shati la mikono mirefu au ovaroli, kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kinachoteleza ukikipapasa. Namna ya kupima ni rahisi. Kinyanyue kitambaa kuelekea jua. Ukiona mwanga unapita kama kwenye chekeche, kirudishe. Funga vifungo vyote mpaka shingoni. Ovaroli ya gereji ikiwa imeiva grisi na mafuta, iache.

Epukeni majaketi ya nailoni yanayong'aa, hata kama ni ya joto na rahisi. Mashine ina injini, ina bomba la moshi linalowaka moto, ina petroli. Nailoni ikigusa moto huyeyuka na kugandana na ngozi. Salfa yenyewe nayo hushika moto, kwa hiyo sigara wakati wa kupuliza ni wazimu, hilo sitaki tubishane.

Mgongoni, kati ya mashine na shati, weka kipande cha turubai au kile kitambaa cha plastiki cha kufunikia meza, ukifunge kwa kamba mabegani. Kinazuia umande na matone ya petroli, na mgongo unabaki mkavu. Ni kitu kidogo, lakini mimi ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu baada ya buti, ningeanza na hicho. Wapo wanaotoboa mfuko uliokuwa na salfa wakauvaa kama koti. Jamani, hapana! Mfuko huo hauvaliwi, hauwekwi unga, hautandikwi kitandani.

Miguuni ni buti za mpira, gambuti. Suruali iteremke nje ya buti, isichomekwe ndani, maana ukiichomeka umande na unga vyote vinateremkia ndani na mguu unashinda ndani ya uji. Asiye na gambuti avae viatu vya kufunika na soksi nene. Katambuga na yeboyebo ni viatu vizuri vya kwendea dukani. Kichwani kofia yenye ukingo, na shingoni kitambaa. Akina mama, ushungi wa kanga unafunika kichwa vizuri, lakini ncha zake zichomekeni ndani ya shati, zisipepee karibu na mashine, na kanga hiyo isiwe ndiyo ya kumbebea mtoto baadaye. Macho yanataka miwani ya plastiki inayobana pembeni, ile ya mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma. Iko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Pua na mdomo vinataka barakoa ya vumbi. Leso ikifungwa usoni huzuia vumbi kubwa tu. Ule unga laini unapita kama hauna habari nayo.

Mnaotumia dawa ya maji badala ya unga, kwenu plastiki ndiyo ya mbele: aproni kutoka kifuani mpaka chini ya magoti. Shati peke yake likilowa dawa linaifikisha mwilini na kuikalisha hapo. Likilowa, livue.

Sasa fedha. Nasikia mtu anasema, bwana shamba huyu anatuvisha kama wazungu wa theluji, pesa ziko wapi? Sikiliza mpango wangu. Korosho zetu huuzwa kuanzia Oktoba, na fedha huingia mwisho wa mwaka. Wakati huo joto limepamba moto, na kwenye gulio sweta na makoti mazito yamelala kwenye turubai, hakuna hata anayeyageuza. Muuzaji anataka mzigo umtoke. Hapo ndipo pa kununua. Ukingoja Juni, mfuko mtupu na kipupwe kimeingia, utaikuta sweta ile ile imepanda bei, au imeshachukuliwa, na wewe utaingia shambani na fulana. Nunua Novemba, ifue, ianike, iweke kwenye mfuko mkavu pamoja na majani ya mwarobaini, ifunge. Na kama mnapuliza kwa kikundi, mashine moja watu watano, nunueni ovaroli mbili na miwani mbili za kikundi, atakayebeba mashine na mjaza dawa wavae, halafu mkapokezana. Si lazima kila mtu awe na vazi lake zima.

Tulipotoka ni mbali. Kilwa ilijua nguo kabla ya wengi. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua magofu ya Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 walikuta vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi. Karne ya 19 merikani ya kiwandani ikaingia kutoka Marekani, na kaniki ikawa nguo ya jembe. Pamba ya kulazimishwa na Wajerumani ndiyo iliyong'olewa Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, Julai 1905, Maji Maji ikaanza. Mitumba yenyewe ilifunguliwa njia katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo mkulima alisubiri kitambaa cha duka la ushirika, na mara nyingi hakikufika.

Nirudi shambani, maana kuna jambo linaloniuma kuliko baridi yenyewe. Mtu akimaliza kupuliza, amelowa, anatetemeka, anakwenda moja kwa moja jikoni kuota moto wa kuni. Nguo zake zimejaa salfa! Salfa ikiungua hutoa moshi mkali unaobana kifua, na cheche moja kwenye shati lililojaa unga inatosha kumuunguza. Mtoto naye anamkimbilia baba, anamrukia, anajifuta uso kwenye shati hilo. Kwa hiyo acheni nguo kavu ya kubadilisha chini ya mti, mbali na mashamba yanayopulizwa, au nyuma ya nyumba: shuka au koti kuukuu linatosha. Vua za kazi, oga kwa maji na sabuni, vaa kavu, ndipo ukae motoni na kunywa uji. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala sare za shule, tena mbali na kisima na mto. Anayezifua azikung'ute kwanza akiupa upepo mgongo. Na asiachiwe mama peke yake kazi hiyo. Aliyezichafua ana mikono.

Wafugaji, sikuwasahau. Tangu 2006 na 2007, ng'ombe walipoondolewa Usangu, wengi wenu mmeingia Kilwa na Lindi na mifugo yenu, na punda wa kubebea mizigo pia. Farasi huku kwetu ni mnyama wa hadithi. Mbung'o, wengine huita ndorobo, hakumpa nafasi. Nanyi mnatoka na mifugo alfajiri, umande ule ule, kusi ile ile. Sweta na koti ni kama nilivyosema, lakini tazameni rangi. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa kijana anayevaa jinzi ya buluu na shuka jeusi porini amejigeuza mtego unaotembea. Chagueni kaki au rangi ya majani makavu, kitambaa kinene. Na nyinyi, kinyume na wapulizaji, chomekeni suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe.

Punda naye ana vazi lake, nalo ni tandiko. Msimtwishe gunia juu ya mfuko wa plastiki. Jasho halina pa kwenda, ngozi inalainika, kamba inachimba, na kidonda cha mgongo cha kipupwe kinachelewa kupona. Blanketi kuukuu la pamba au la sufi, likunjwe mara mbili bila mshono wala fundo upande wa chini, ndilo linalomfaa. Likilowa umande asubuhi, lianikwe mchana, kesho lirudi kavu. Anayerudi kutoka malishoni leo jioni alitazame tandiko lake kabla ya kulala.

Wiki ijayo, saa kama hii, nitakuwa nanyi tena kuzungumzia ukaushaji wa korosho. Kwaherini.